Namba 550 na Ombi la Kazi

Mwanafunzi wangu wa zamani, mkazi wa Buyenzi, aliomba nafasi ya mafunzo ya kazi katika ofisi moja hapa Bujumbura. Alituma ombi kwa barua pepe, na baada ya dakika chache akarudishiwa ujumbe wa Kiingereza wenye namba 550 na maneno yenye maana ya "haikubaliki". Akadhani ofisi imemkataa. Alinijia akiwa amekwisha kukata tamaa, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho.

Kwa hakika ofisi ile haikuwa imemkataa. Haikujua hata kwamba ameandika. Ina kikoa chake kinachoishia na .bi, lakini haihifadhi barua: kila inayofika hupelekwa mbele, papo hapo, hadi kwenye sanduku la Gmail la karani. (Wengine husema "husambazwa". Mimi sipendi neno hilo hapa; kusambaza ni kueneza kwa wengi, na mpokeaji huyu ni mmoja.)

Kijana alitumia anwani ya Yahoo. Tangu Aprili 2014 Yahoo imezitangazia seva za wengine kwamba barua yenye jina lake ikataliwe iwapo haikuthibitishwa. Uthibitisho hupatikana kwa njia mbili: ama barua iletwe na seva iliyomo katika orodha ya Yahoo, ama iwe na saini ya kidijitali isiyovurugika. Gmail iliona barua ya Yahoo ikiletwa na seva ya Bujumbura, isiyomo katika orodha hiyo. Saini ingaliiokoa, lakini seva ya ofisi huongeza tangazo la usiri chini ya kila barua, na maneno yakiongezwa, saini huharibika. Barua halali ikafanana na barua taka iliyoghushiwa jina.

Siilaumu Gmail, maana wanaoghushi majina ni wengi. Namlaumu zaidi msimamizi wa seva. Angeweza kuziacha barua kama zilivyo, na kuchuja taka kabla ya kuzipeleka mbele, kwa kuwa seva inayopitisha taka za wengine huhesabiwa kuwa chanzo chake. Zaidi ya yote, angeweza kubakiza nakala. Pasipo nakala, karani hajui kwamba ameandikiwa. Anayejua ni mwombaji peke yake, naye ameelezwa kwa lugha ya mafundi. Ofisi inayobandika anwani ukutani imewaahidi wananchi kwamba itasoma.

Nilimshauri achapishe ujumbe ule wa 550, kwa kuwa una tarehe na saa, auambatanishe na ombi la karatasi, alipeleke mwenyewe na kudai nakala yake igongwe muhuri. Karani alisita, akamwita mkuu wake, wakausoma pamoja. Muhuri ukagongwa. Nilipopita pale wiki iliyofuata, tangazo la ukutani lilikuwa bado na anwani ile ile.