Kufundisha Habari za Miungu ya Warumi wa Kale

Dini ya Warumi wa kale haina nafasi kubwa katika mihutasari ya masomo yetu, lakini haikwepeki. Mwanafunzi huikuta asomapo historia ya Dola ya Rumi, na huikuta tena asomapo mazingira ya Agano Jipya. Kwa desturi mwalimu huchora jedwali ubaoni: Jupiter, mungu wa mbingu, Mars, wa vita, Neptunus, wa maji, Venus, wa mapenzi. Wanafunzi hunakili, hukariri, na katika mtihani hujibu barabara. Lakini ukiwauliza miungu hiyo ilikuwa na kazi gani katika maisha ya Mrumi, hunyamaza. Jedwali limewapa majina. Dini yenyewe haimo.

Sisi tunaowaandaa walimu tumeona kwamba somo hili hueleweka vizuri zaidi likianzia kwenye shughuli za watu, ndipo lifike kwenye miungu. Tumchukue mkulima wa ngano. Adui wake mmoja mkubwa alikuwa kutu, na Kilatini, kama Kiswahili, kilitumia neno moja kwa kutu ya chuma na kutu ya ngano. Kila tarehe 25 Aprili Warumi walitoa kafara ya mbwa na kondoo kwa Robigus, ili kutu isiyafikie mashamba. Mkulima huyo alikuwa na jirani, na baina yao palikuwa na jiwe la mpaka lililolindwa na mungu Terminus. Tarehe 23 Februari majirani wa pande zote mbili walikutana hapo, wakalivika jiwe shada la maua, wakatoa sadaka na kula pamoja. Mwanafunzi aliyewahi kushuhudia ugomvi wa mpaka wa shamba hutambua mara moja kazi ya mungu wa namna hii.

Kutoka shambani twende nyumbani. Vesta alihusika na moto wa meko. Moto wake wa hadhara mjini Rumi ulitunzwa na wanawali sita, ambao walitumika kwa muda wa miaka 30. Ulipozimika, jambo hilo lilihesabiwa kuwa hatari kwa taifa zima. Hapa mwanafunzi huona kwamba Mrumi hakutenga dini na serikali: meko ya nyumba na meko ya dola yalikuwa chini ya mungu mmoja.

Baada ya hapo yafaa kueleza uhusiano wenyewe. Ulikuwa wa nipe nikupe. Jemadari aliweka nadhiri ya kumjengea mungu hekalu akishinda vita. Akishinda, deni lilikuwa halali na lazima lilipwe. Ibada ilitakiwa itimizwe bila kosa. Pakitokea hitilafu, iliweza kurudiwa tangu mwanzo. Lengo lilikuwa kudumisha amani kati ya watu na miungu. Tauni iliposhika mji mwaka 293 K.K., Warumi waliona kwamba amani hiyo imevurugika. Walituma wajumbe Ugiriki kumleta mungu wa uganga, Aesculapius, na hekalu lake likawekwa wakfu mwaka 291 K.K. katika kisiwa cha Mto Tiber. Mungu mgeni alikaribishwa kwa sababu palikuwa na haja naye.

Kisa kinachopendwa sana darasani ni kile cha jemadari Publius Claudius Pulcher, mwaka 249 K.K. Inasimuliwa kwamba kuku watakatifu walikataa kula kabla ya vita vya baharini vya Drepana, nayo ilikuwa ishara mbaya. Jemadari akaamuru watupwe baharini: kama hawataki kula, basi wanywe. Siku hiyo Warumi walipoteza meli zaidi ya 90. Wanafunzi hucheka, na kucheka huko si vibaya. Lakini mwalimu asiishie hapo. Awaulize: kwa nini Warumi walikihifadhi kisa hiki?

Tunafika sasa kwenye jambo zito. Neno "mpagani" asili yake ni Kilatini, na huko awali lilimtaja mtu wa shamba tu. Wakristo wa Rumi walilitumia kwa walioshikilia miungu ya zamani, nasi tukalipokea likiwa tayari na dharau ndani yake. Vitabu vingi vya zamani viliita ibada za Warumi ustaarabu, na matambiko ya babu zetu ushenzi. Katika darasa moja kijana alisema kwamba sadaka za Warumi zinafanana na za bibi yake. Wenzake wakamcheka, naye hakusema tena kipindi kizima. Mwalimu anayeacha kicheko hicho kipite amefundisha somo ambalo hakulikusudia.

Hatusemi kwamba dini hizo ni moja. Jiwe la Terminus si kaburi la babu, na kulazimisha mfanano ni kuwapotosha wanafunzi. Wala hatumtaki Mkristo au Mwislamu darasani alegeze imani yake. Tunachotaka ni mwanafunzi aweze kueleza kwa haki kile ambacho mtu mwingine aliamini, na sababu za kuamini hivyo. Basi zoezi la mwisho liwe hili: kila mwanafunzi aeleze siku moja ya mkulima wa Kirumi, tangu kuwasha meko hadi kukagua mpaka, bila kutumia neno hata moja ambalo mkulima huyo angeliona ni tusi.