Kuota Jua

Mwezi wa Julai, miaka 2 iliyopita, niliweka kiti cha plastiki nyuma ya nyumba yetu, kati ya ukuta na mti wa mapera. Nikapandisha kitenge juu ya magoti, nikakunja mikono ya shati hadi mabegani, nikaiwekea simu kengele ya dakika 3. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Katika mwezi huo hapa Lubumbashi baridi ya alfajiri inauma, lakini mbingu haina wingu. Magoti yangu hayakuwa yameonwa na jua, wala na mtu asiye wa nyumba yetu, tangu nilipokuwa na miaka 17.

Dakika 3 ni kitu kidogo. Wimbo mmoja wa redio unazipita. Lakini mimi nilizihesabu zote, nimetega sikio kama kuna mtu anayekuja kuchota maji.

Nina soriasisi. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inakosea na kuifanya ngozi ijitengeneze upya kwa haraka isiyohitajika. Kwa kawaida chembe ya ngozi huchukua karibu mwezi mzima tangu izaliwe chini hadi ibanduke juu bila mtu kuiona. Kwangu, mahali penye ugonjwa, safari hiyo inakwisha kwa siku chache tu. Chembe zinafika juu kabla hazijakomaa, zinarundikana, zinakuwa mabaka mazito yenye magamba meupe. Vitabu vingi vinasema mabaka hayo ni mekundu. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi sivyo: yangu yalikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, yakawa ya kijivu pale magamba yalipozidi.

Kabla sijalijua jina la ugonjwa nilikwisha kupewa majina mengine. Shuleni waliita upele. Kanisani nilisikia mtu akinong'ona kaswende, nami nilikuwa mtoto ambaye hata mkono wa mvulana nilikuwa sijaushika. Mama mdogo, aliyenilea kwa miaka 2 baba alipokosa kazi, alisema ni bukoma. Hakunitukana hata mara moja. Alinitengea kikombe. Kila nilipokuwa kwake, chai yangu ililetwa ndani ya kikombe cha bluu cha bati, na kikombe hicho kilioshwa peke yake, kikatundikwa kwenye msumari wake, mbali na vingine.

Sisi wanafunzi wa lugha tumezoea kupanga maneno katika ngeli. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, bukoma inakaa katika ngeli moja na bukari tunayokula kila siku, na pia na bulozi. Ngeli haina kosa. Lakini nyumbani neno la kwanza lilikuwa linalivuta la mwisho: ukisema bukoma mchana, usiku watu wanaulizana ni nani aliyeituma. Nilipofika mwaka wa mwisho wa sekondari nilikuwa nimepelekwa kwa waombeaji 2 na kwa mganga 1, na kila mmoja alitibu jina alilopewa mlangoni.

Baadaye, nilipoanza kusoma habari za ugonjwa huu, nilimwonea mama mdogo huruma, kwa sababu kosa lake lilikuwa pia kosa la madaktari wa Ulaya kwa karne nyingi. Jina lenyewe linatokana na neno la Kigiriki psora, yaani mwasho. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mwingereza Robert Willan aliyaeleza mabaka haya kwa uangalifu mkubwa, lakini katika majina aliyoyatumia neno la ukoma lilibaki. Ni Ferdinand von Hebra, huko Vienna, aliyeutenga ugonjwa huu na ukoma mwaka 1841. Magonjwa 2 yalikuwa yamefungwa katika jina 1, na mwenye mojawapo alibeba adhabu ya lingine.

Daktari wa ngozi niliyempata hatimaye, nikiwa tayari mwanafunzi hapa Kasapa, alifanya jambo ambalo sitalisahau. Alishika kiwiko changu kwa mkono mtupu. Alikigeuza, akapitisha kidole juu ya magamba, ndipo akasema: "Binti, hii haiambukizi. Si kwa mkono, si kwa sahani, si kwa kitanda." Kisha akaniambia kwamba haiponi moja kwa moja, ila inaweza kutulizwa, na kwamba mojawapo ya dawa zake ni mwanga.

Nilidhani anatania. Akanieleza. Mwanga wa jua una sehemu tusiyoiona kwa macho, nayo imegawanyika. Sehemu inayoitwa UVB haiingii ndani sana. Inafika katika tabaka la juu la ngozi, pale pale penye vurugu. Huko inazipunguzia chembe kasi ya kuzaana na kuzituliza askari wa kinga waliokosea njia. Mwaka 1903 Niels Finsen wa Denmark alipewa tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Mwaka 1925 Mmarekani William Goeckerman aliandika juu ya kuwapaka wagonjwa wa soriasisi lami ya makaa ya mawe na kuwaweka chini ya taa. Mwaka 1981 Wamarekani wengine 2, John Parrish na Kurt Jaenicke, walipima ni kipande gani hasa cha mwanga kinachosafisha mabaka, wakaonyesha kwamba ni kile kinachokaribia nanomita 313. Kutokana na kazi ya namna hiyo zikatengenezwa taa zinazotoa karibu nanomita 311 peke yake, na ndizo zinazotumika zaidi leo.

Mahali alikosomea, daktari alikuwa na kabati refu lililojaa taa hizo. Mgonjwa anaingia, anasimama ndani yake na miwani myeusi, siku ya kwanza kwa muda mfupi sana, kisha muda unaongezwa kidogo kidogo. Mara 3 kwa wiki, mara 20 au 30 kwa jumla. "Hapa sina kabati hilo," akasema. "Lakini wewe unakaa mita 1,200 hivi juu ya bahari, na kiangazi chetu hakina mawingu. Tutatumia jua, kwa kipimo kama dawa."

Kipimo, neno hilo alilirudia mara nyingi. Aliuliza kwanza ninameza dawa gani, na kama katika ukoo wetu kuna ugonjwa wa lupasi, kwa maana kuna watu ambao jua linawadhuru badala ya kuwasaidia. Kuanza na dakika 3 kila upande. Kuongeza kidogo baada ya siku kadhaa, ngozi ikivumilia. Kufunika uso na sehemu zote zisizougua. Kutokaa nyuma ya dirisha, kwa kuwa kioo kinaizuia UVB. Na kutopaka ndimu. Hilo la ndimu lilinishtua, maana jirani yetu alikuwa amenishauri lile lile: ndimu, kisha jua. Daktari akasema maji ya ndimu yana kitu kinachoifanya ngozi iungue vibaya ikipigwa na mwanga. Vitu vya jamaa hiyo hiyo vinapatikana katika mmea wa Misri ambao zamani ulitumiwa kwa ngozi yenye mabaka meupe. Katika miaka ya 1940 daktari El Mofty wa Cairo aliwapa wagonjwa wake dawa iliyotolewa katika mmea huo, na kutoka huko, mwaka 1974, yakatangazwa Marekani matibabu ya soriasisi ya kumeza dawa hiyo na kuingia chini ya taa ya UVA. Kwa hiyo jirani hakuwa mjinga. Alikosa kipimo tu.

Sasa nirudi kwenye kiti changu. Lupango letu lina nyumba 3 na robine 1. Wiki ya kwanza Mama alisimama mbele yangu ameshika kitenge kwa mikono miwili kama pazia, upande wa robine, ili majirani wasinione. Lakini robine iko kaskazini, na katika Julai jua letu linapita upande wa kaskazini. Siku ya nne niliangalia miguu yangu nikaona iko ndani ya kivuli cha kitenge. Dakika zote zile Mama alikuwa ananificha na jua pia.

Nilimwambia. Alishusha mikono, akanyamaza kwa muda. Kisha akasema: "Basi ukae tu, mwana. Bataangalia, batachoka." Akakunja kitenge, akaenda kupika. Nilibaki peke yangu mbele ya lupango zima, na nilitetemeka kuliko siku ile ya baridi ya kwanza.

Aliyekuja wa kwanza alikuwa mtoto wa nyumba ya tatu, wa miaka 5 hivi, na kopo lake la maji. Alinitazama magoti, akatazama mihogo ya mama yake iliyotandazwa kwenye gunia, akaniuliza: "Yaya, banakuanika?"

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa kuwa alikuwa ameuliza swali la sarufi. Kuanika kunataka mtendwa: mihogo, nguo, samaki. Kinachoanikwa hakina la kusema. Kinangoja aliyekianika aje akianue. Kwa miaka 5 ndivyo nilivyoishi. Nilipelekwa, nilipakwa, niliombewa, nilitengewa. Kuota jua, kinyume chake, kunataka mtendaji. Mwenye mwili ndiye anayekwenda juani, naye ndiye anayeondoka akitosheka. Nikamjibu mtoto: "Hapana. Mi njo minaota jua." Akakubali kama anavyokubali mambo yote, akachota maji yake akaenda.

Nasikia mwalimu wetu wa isimu linganishi akinikumbusha kwamba kuota jua na kuota ndoto ni vitenzi 2 tofauti, vilivyofanana kwa ajali ya sauti; kile cha ndoto kilikuwa na l, na kambo yangu katika Kiluba cha Kasai bado anasema kulota. Najua. Lakini juani pale nilifurahi kwamba Kiswahili kiliiangusha l hiyo.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Jumamosi moja ya Agosti nilisinzia, kengele ikalia bure, nikaamka baada ya dakika 40 hivi. Ngozi nyeusi nayo inaungua. Usiku ule sikuweza kulalia bega. Na katika soriasisi, mahali palipojeruhiwa panaweza kuota baka jipya. Kweli, baada ya wiki 2 baka lilitokea juu ya bega ambalo halikuwahi kuugua. Daktari alinisimamisha kwa siku 10, kisha tukaanza tena kwa kipimo kidogo. Lakini katikati ya Septemba magamba ya magoti yalikuwa yamekwisha, na mabaka yamelala, yamebaki madoa meusi tu ambayo unaweza kupitisha mkono juu yake bila kusikia kitu.

Ndipo mama mdogo alipokuja kututembelea. Nilimfungulia mlango nikiwa na mikono mifupi. Alinishika mkono, akaugeuza kama daktari alivyougeuza. Akauliza dawa imetoka wapi. Nikamwambia, nikamtajia na jina la ugonjwa. Mama, ambaye kwa sasa anasema "soliazi" kama vile ni jina la jirani, alimweleza habari ya chembe zinazokimbia. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Inaambukizaka?"

Wasomaji wa jarida hili wanaijua -ka hiyo ya mwisho. Hakuuliza kama leo inaambukiza, au kama mimi naambukiza. Aliuliza desturi ya ugonjwa wenyewe. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuuliza. Alikuwa amejibu kwa kikombe. Nikamwambia hapana, haiambukizi, na kwamba mwaka 2014 nchi zote wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana hivyo kwa maandishi. Sijui kama Shirika la Afya lilimgusa. Alisema tu, "Ah," akaomba maji.

Mvua zilianza, mawingu yakafunika, na kufikia Desemba viwiko vilikuwa vimerudia hali yake. Niliambiwa itakuwa hivyo. Mwezi wa Januari nilikwenda Katuba kumtakia mama mdogo heri ya mwaka mpya, nikiwa na mabaka yangu na mikono mifupi ile ile. Msumari ulikuwa mtupu. Kikombe cha bluu alikuwa nacho mtoto wake wa mwisho, ameketi kizingitini anakunywa maji.

Tangu wakati ule kila kiangazi naweka kiti. Mwaka huu daktari ameniomba nimsaidie kuandika ukurasa mmoja kwa ajili ya wagonjwa wake, kwa Kiswahili kinachosemwa mjini humu, kwa sababu karatasi alizo nazo ni za Kifaransa na zinasema habari za mabaka mekundu na kabati la taa. Kazi ni ngumu kuliko nilivyofikiri. Sina neno zuri la magamba lisilomfananisha mtu na samaki. Sina uhakika kama niandike soriasisi au soliazi ya Mama. Kipimo nimekipata. Kuota jua ninako, na kuanika nimekufuta mara 2 katika rasimu. Wenzangu wenye maneno kutoka nyumbani kwao, Kibemba, Kisanga, Kihemba au lugha yoyote, nawaomba wayalete. Mstari wa kwanza tayari nimeuandika, nao hautabadilika: ugonjwa huu hauambukizi.