Mipira Mipya na Usukani Unaotetemeka: Tuliyoyaona Malangali ya Ufipa

Mkisikia jina la Malangali wengi wenu mtafikiri ile ya Mufindi, yenye shule maarufu iliyofunguliwa mwaka 1928. Siyo hiyo. Malangali ninayotaka kuwapeleka leo ni ya Ufipa, kata ya Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukifika huko mwezi wa Juni, chukua sweta. Asubuhi utawakuta watu wamejifunga mablanketi kama wachungaji wa Betlehemu, na moshi wa mafiga umelala juu ya mapaa, hautaki kupanda. Nasi twaenda huko kwa ajili ya gari la parokia moja lililokuwa likitetemeka.

Msiseme, "Sisi hatuna magari, habari hii yatuhusu nini?" Yawahusu sana. Gari la parokia limenunuliwa na nani kama si magunia yenu ya mahindi na maharage? Na mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, mbali na zahanati, ni gari lipi linaloitwa? Basi afya ya gari hilo ni mali yenu, tena ni uhai wenu.

Kwanza yafaa mjue njia. Mapadre Weupe walifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na tangu hapo walipanda na kushuka Ufipa kwa miguu, mizigo ikienda juu ya vichwa vya watu. Baadaye zikaja baiskeli, kisha malori. Lakini kwa miaka mingi sana malori hayo yalikwenda juu ya vumbi na mawe. Wakati wa mvua yalilala tope siku mbili tatu. Mtu aliyetoka Tunduma alifika Sumbawanga mifupa ikimuuma yote. Nani angeuliza kama gurudumu limekaa sawa? Njia yenyewe ilikuwa ikitetemesha kila kitu, hata meno.

Katika miaka ya 2010 njia ile ikawekwa lami, kwa sehemu kubwa kwa msaada wa fedha za Marekani. Leo ni kilometa 220 hivi kutoka Tunduma, unapita Laela, unapita Mpui, na ukitazama huku na huku ni mashamba hadi macho yachoke. Gari lateleza kama mtumbwi ziwani. Hapo ndipo mambo yaliyofichwa na mashimo yalipoanza kuonekana. Ubovu mdogo wa gurudumu, ambao juu ya mawe hakuna aliyeuona, juu ya lami wasema kwa sauti.

Gari lenyewe ni Toyota Prado la siku nyingi. Mipira yake ilikuwa imekwisha, na rimu mbili zimepinda. Baraza la walei likachanga, akina mama wa WAWATA wakaongeza, zikanunuliwa rimu nne mpya zinazong'aa na mipira minne mipya. Lilipendeza kweli, watoto walilizunguka kama bibi arusi. Lakini lilipofika lami na kutimiza mwendo wa kilometa 85 kwa saa, usukani ulianza kutetemeka mikononi mwa dereva. Kwenye 95 ulipiga hata saa ya mkononi ikalia. Alipopunguza mwendo hadi 70, kimya.

Likapelekwa kupimwa magurudumu kwa mashine, kile mafundi wanachokiita kubalansi. Mashine ikasema sifuri, yaani hakuna upande mzito. Likatetemeka. Likapelekwa mara ya pili mahali pengine, tena sifuri. Mara ya tatu fundi mmoja akatikisa kichwa, akasema shokapu zimekufa na vyuma vya usukani vimelegea, vinunuliwe vyote. Bei yake ilimfanya Baba Paroko akae chini. Fedha ile ingetosha kuezeka kigango.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze kwa nini gurudumu hutetemesha gari, maana bila kujua hilo hamtafahamu yaliyofuata. Funga jiwe dogo kwenye kamba, ulizungushe juu ya kichwa. Ukizungusha polepole lavuta kidogo. Ukizungusha kwa nguvu lavuta mkono wako. Mwendo ukiwa mara mbili, mvuto si mara mbili, ni mara nne. Basi gurudumu la gari kama lile lenye gramu 60 zaidi upande mmoja wa rimu, uzito wa yai la kuku, likienda kilometa 50 kwa saa litavuta kama uzito wa kilo moja na nusu. Kwenye kilometa 100 litavuta kama kilo 6, na litafanya hivyo mara 11 hivi kwa kila sekunde. Ndiyo sababu mafundi hubandika vipande vya risasi kwenye rimu, upande ulio mwepesi, mpaka pande zote zilingane.

Lakini mashine ilikuwa imesema pande zinalingana! Je, ilidanganya? Haikudanganya.

Malangali pana mzee mmoja fundi. Gereji yake ni bati tatu na mti wa mkaratusi. Tulifika tukamsalimu, "Tumsifu Yesu Kristo," akaitikia, "Milele amina," bila kuinua kichwa kutoka katika kazi yake. Alipomaliza akanawa mikono, ndipo akauliza.

"Baba Paroko, kinachotetemeka ni usukani au ni kiti?"

"Ni usukani, Mzee."

"Basi tuanze mbele. Kingekuwa kiti, ningeanza nyuma. Na ukikanyaga breki yazidi?"

"Haizidi."

"Basi diski za breki tuziache kwanza. Na kabla ya mipira hii mipya gari lilikuwaje?"

"Lilikuwa zima."

Mzee akacheka. "Sasa shokapu zimekufa siku ile ile mlipofunga rimu mpya? Zilikuwa na miadi?"

Akaliinua gari kwa jeki, akaweka magogo chini yake, akashika gurudumu juu na chini na kulitikisa: hakuna kulegea. Akalizungusha likiwa hewani, ameweka kijiti karibu na ukingo wa rimu bila kugusa. Tukainama wote kutazama. Upande mmoja kijiti kilikuwa mbali, upande wa pili kiligusa, kra, kra. Rimu ilikuwa mpya, haikupinda. Ila ilikuwa haizunguki katikati yake yenyewe.

Akafungua nati na kulivua gurudumu. Sasa tazameni vizuri. Katikati ya kila gurudumu pana tundu, nalo huvaa kitovu cha chuma ambacho mafundi hukiita habu. Habu ya gari lile ina upana wa milimita 106. Tundu la rimu zile mpya lilikuwa milimita 110. Zimetengenezwa hivyo makusudi, zipate kuvaa magari ya namna nyingi. Rimu za zamani zilikuwa zimekaa juu ya habu kama kofia iliyopimwa kichwani. Hizi mpya zilikuwa kama kofia ya baba juu ya kichwa cha mtoto.

Hilo peke yake lisingekuwa baya sana, kwa maana nati zaweza kuiweka rimu katikati. Lakini ni nati zipi? Rimu za kwanza za Prado lile zilitumia nati zenye kitako bapa na washa. Nati za namna hiyo hubana tu, hazielekezi, kwa kuwa kazi ya kuelekeza ni ya habu. Rimu mpya zilikuwa na matundu ya nati yaliyochongwa kwa umbo la pia, ile wanayochezea watoto, nazo zataka nati zenye kitako cha umbo hilo hilo, ili kila nati ijisukume na kuivuta rimu katikati. Waliozifunga walirudisha nati za zamani. Basi rimu haikuelekezwa na habu wala na nati. Ilikaa ilipopenda.

Na mashine? Mashine ya kubalansi hulishika gurudumu kwa tundu la katikati, kwa chuma chenye umbo la pia, kwa hiyo pale lilikuwa katikati kabisa. Likapimwa sawa, likasifiwa, kisha likarudishwa garini kukaa kando. Gurudumu la kilo 35 likikaa milimita 1 tu nje ya katikati yake, ni sawasawa na kubandika gramu 170 na zaidi upande mmoja wa rimu. Kumbukeni tulivyosema juu ya gramu 60.

Lakini kutetemeka hakukumtisha mzee. Kilichomfanya anyamaze ni nati zenyewe. Alituonyesha: kitako bapa kilikuwa kinagusa ukingo mwembamba tu wa tundu, na rangi ya rimu imekwisha kusagika hapo. "Nati hizi zingelegea," akasema. "Si leo, si kesho. Zingelegea mnateremka bondeni." Baba Paroko akafanya ishara ya msalaba. Kutoka uwanda wa Ufipa hadi bonde la Ziwa Rukwa ni kushuka kama mita 1,000, kwa kona juu ya kona, na siku nyingi gari lile hubeba wagonjwa.

Nilipomtazama mzee yule akipapasa chuma kwa kidole gumba, nilikumbuka kwamba Wafipa ni watu wa chuma tangu kale. Kabla ya jembe la dukani walijenga malungu, tanuri za udongo zenye kimo cha mita 3 hivi, wakazijaza makaa na mawe ya chuma, na moto ukavuta hewa wenyewe kwa matundu ya chini bila mivukuto. Chuma kile kikasafishwa tena katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, ndipo mhunzi akafua jembe. Kazi hiyo ilikufa katika karne ya 20, ila mabaki ya malungu bado yapo mashambani. Sijui kama mzee alikuwa wa ukoo wa wahunzi. Sikumuuliza, kwa maana alikuwa ameshika msasa.

Alisugua kutu usoni pa habu mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu hata ganda dogo la kutu huifanya rimu ikae upande. Zikanunuliwa mjini nati mpya zenye kitako cha pia, uzi ule ule wa zile za kwanza, pamoja na pete nne za kujaza nafasi kati ya milimita 106 na 110. Bei ya vyote ilikuwa kidogo mno mbele ya ile ya shokapu. Nati hakuzitia mafuta. Alisema mafuta huifanya nati ipite kipimo bila mkono kujua, na bolti huvutika. Alizikaza gurudumu likiwa hewani, kwa kuvukana, hii kisha ile inayoielekea, kidogo kidogo. Aliposhusha gari akamaliza kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Kijana wake alitaka kupanda juu ya spana kwa miguu kama wafanyavyo wengi, akakemewa.

Tukaenda hadi Mpui. Kwenye 90, kimya. Kwenye 100 ulibaki mtetemo mdogo, kama paka anayekoroma. Turudipo mzee akahamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, na mtetemo ukahamia kitini. Basi akajua ni mpira mmoja wa yale yaliyokuwa mbele. Ulikuwa na sehemu iliyoinuka kidogo. Akautoa upepo, akauzungusha nusu duara juu ya rimu yake, akaupeleka kubalansiwa upya. Paka naye akanyamaza.

Akamwagiza Baba Paroko jambo moja tu: baada ya kilometa 100 nati zote zipimwe tena, maana rimu mpya hujilaza. Jumapili ile padre aliteremka Muze kusoma Misa, spana ikiwa chini ya kiti. Alipofika, kabla ya kusalimiana na katekista, aliinama kwenye magurudumu. Nati mbili za kushoto ziliingia robo mzunguko.