Kengele ya Wezi Nyumbani Mwangu

Siku hizi si ajabu kuona nyumba ya mwalimu au ya mkulima huku kwetu milimani Usambara imewekwa kengele ya wezi, na wengi waliokwisha kuiweka hunilalamikia kwamba yalia usiku pasipo mwizi. Mimi nami yangu ilinisumbua majuma sita katika masika ya mwaka 2023, ikanitia katika kosa ambalo si la umeme. Basi nimeona vema niyaandike yote kama yalivyokuwa, ufundi wake na aibu yake.

Mwaka 2022 tuliibiwa. Tulikuwa mazikoni, mchana, na wezi wakavunja mlango wa nyuma, wakachukua cherehani ya mke wangu na baiskeli. Mwanangu afanyaye kazi Dar es Salaam aliposikia, alituma kengele ya wezi pamoja na fundi wa kuifunga. Fundi yule alifanya kazi siku moja, akala chakula, akatufundisha tarakimu nne za kuiamsha na kuilaza, akapanda basi la alasiri. Hatukumwona tena.

Nieleze kwanza kitu chenyewe jinsi kilivyo. Chumbani mwetu pana sanduku la chuma, na ndani yake mna ubao wa umeme na betri ya volti 12, ili sanduku liendelee kulinda hata umeme ukizimika. Nyaya zatoka humo kwenda milangoni na madirishani, kila njia na namba yake; mlango wa jikoni ni 4. Nje, chini ya paa, ndipo kilipo king'ora. Kila mlango una vipande viwili: kimoja ni sumaku iliyofungwa kwenye ubao wa mlango, cha pili kimefungwa kwenye mwimo, na ndani yake mna kibomba chembamba cha kioo chenye vijiti viwili vya chuma. Mlango ukifungwa, sumaku hukaribia, vijiti hugusana, umeme hupita. Mlango ukifunguliwa, vijiti huachana na umeme hukatika. Na sanduku likiona umeme umekatika, hupiga kelele.

Ufundi huu si wa jana. Mtu aliyepewa hati ya serikali ya Marekani kwa kengele ya umeme ya kuzuia wezi, mwaka 1853, alikuwa mchungaji, Augustus Russell Pope wa Somerville katika Massachusetts. Ila yake ilikwenda kinyume cha hizi zetu: mlango ulipofunguliwa ndipo umeme ulipopita ukaipiga kengele. Kwa hiyo kengele ya namna ile, mwizi akiukata waya kwanza, haina la kusema. Za siku hizi zimegeuzwa kwa makusudi, hata waya ukikatwa zinalia. Msomaji alishike neno hili. Sanduku halijui mwizi, wala halijui mlango. Lijualo ni kwamba umeme uliokuwa ukipita sasa haupiti. Mimi nalielezwa hayo na fundi, nikaitikia kwa kichwa, nikayasahau.

Usiku mmoja mwishoni mwa Machi, yapata saa nane, king'ora kikalia. Majirani wakaja mbio, watu ishirini na zaidi, wengine na mapanga, wengine na tochi, na mzee mmoja na ufagio, kwa kuwa ndio alioukuta mlangoni pake. Tukaizunguka nyumba yote, tusione mtu. Milango yote ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Baada ya siku nne ikalia tena, wakaja wanane. Mara ya tatu akaja jirani mmoja tu, naye hakufika uani, alisimama penye uzio akauliza, "Mwalimu, ni mwizi au ni yenyewe?" Mara ya nne hakuja mtu.

Kila asubuhi nalisoma kibao cha sanduku, nacho mara nyingi kilionyesha 4. Sasa jikoni kwetu pana chumba kidogo, na ndimo alimolala mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, kijana wa miaka 16 aliyekuwa kidato cha pili. Ufunguo wa mlango ule ulining'inia ukutani karibu na kitanda chake. Nikamwita, nikamwuliza, "Wewe watoka usiku?" Akajibu, "La, Mjomba, sitoki." Nikamwuliza mara ya pili mbele ya mke wangu, akajibu vilevile. Nami nikamwambia neno ambalo nalikumbuka kila neno: "Mashine haina sababu ya kusema uongo. Wewe unayo."

Nikauchukua ufunguo, nikaulaza chini ya mto wangu. Usiku wa tatu kengele ikalia, kibao kikaonyesha 4, na ufunguo uko chini ya kichwa changu. Nimefundisha hesabu miaka 31, na mtoto wa darasa la tano angaliniambia kwamba hapo jawabu langu limekwisha kukataliwa. Lakini mimi nalisema moyoni, kijana huyu amechongesha ufunguo wa pili. Sikumwambia, nalimtazama tu, naye akafahamu. Jioni yake akafunga vitabu vyake katika kanga, akaja kuniaga kwa adabu, akaenda kukaa kwa bibi yake mzaa baba, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu.

Siku mbili baadaye kengele ikalia saa tisa za usiku, mvua ikinyesha. Nikawasha taa nikasoma: 4. Mke wangu aliketi kitandani, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Na leo ametoka nani?"

Sikulala tena. Kulipokucha nikaanza kazi ambayo ilipasa kuanza nayo siku ya kwanza. Fundi wa redio wa sokoni akaniazima kipimo chake cha umeme, nikawapigia simu majirani wachache kwamba leo wasishtuke, nikalilaza sanduku, nikalifungua. Betri niliikuta imevimba ubavuni. Umeme ulipokuwapo kipimo kilionyesha volti 13.6, nikafurahi, lakini hiyo ilikuwa nguvu ya sanduku likiichaji, si nguvu ya betri yenyewe. Nilipozima swichi kuu ya nyumba, ikashuka chini ya volti 10 kabla sijamaliza kunywa kikombe cha chai. Betri nzima iliyojaa hukaa karibu na 12.7. Betri za namna hii kwa kawaida huishi miaka mitatu hadi mitano, na hii yangu, nilipoigeuza, ilikuwa imepigwa chapa ya mwaka 2017. Nalikuwa nimeuziwa mzee kwa bei ya kijana.

Nikanunua nyingine, nikaamini kwamba yamekwisha. Ikawa kimya siku mbili. Usiku wa tatu ukavuma upepo, ikalia: 4. Ndipo nilipotambua kwamba maradhi yalikuwa mawili, moja limelalia juu ya jingine. Zile siku kengele ilipolia umeme ukizimika, kibao hakikutaja namba yo yote, kiliwasha tu kitaa cha betri. Nami kwa kuwa nalikwisha kumpata mshitakiwa, nalizihesabu siku hizo pamoja na zile za 4.

Sasa nikafanya jaribio ambalo nalipenda kuliko yote, nalo halihitaji fedha. Nilizitoa nyaya za njia ya 4 nikazifunga mahali pa njia ya 2, na za 2 nikazifunga mahali pa 4. Kama ugonjwa umo katika sanduku, utabaki 4. Kama umo katika waya au mlangoni, utahamia 2. Usiku ule kibao kikaonyesha 2. Basi sanduku ni zima, na tufuate waya. Jicho la sebuleni, lile litambualo joto la mtu apitaye, lilikuwa na utando wa buibui mbele yake. Niliufuta, ingawa safari hii buibui hakuwa na hatia.

Ikawa Jumamosi. Nilikuwa nimepiga magoti mlangoni pa jikoni nikizivutavuta nyaya, na kijana akaja kuchukua shati lake la shule. Akaniamkia, "Shikamoo, Mjomba," akasimama. Nikamwomba anishikie mlango. Akaushika, akautazama, akasema polepole, "Mjomba, mlango huu haufiki mwisho tangu mvua zianze. Mimi huusukuma kwa goti ndipo hukaa."

Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Hukuniuliza habari za mlango."

Tukafungua kipimo, nikaziweka ncha zake kwenye nyaya mbili za mwimo. Alipousukuma mlango kwa goti, kipimo kilipiga mlio: umeme wapita. Alipouacha, mlango ulirudi nyuma kidogo, mlio ukakoma. Ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na mtu asingeweza kuingia, lakini ulimi wa kitasa ulikuwa na nafasi ya kucheza, na mbao zilizokunywa maji ya masika zilivimba upande wa bawaba zikausukuma nje. Tukapima nafasi kati ya sumaku na kipande cha mwimo: karibu sentimeta mbili. Sumaku ndogo kama zile nyingi hushindwa zifikapo hapo. Mchana, sisi tukipita na kuusukuma, ilishika. Usiku, upepo ukitoka mlimani na kuutikisa, vijiti vile viliachana, na sanduku likasema kweli yake: umeme haupiti. Maneno ya "kijana ametoka" yalikuwa yangu.

Matengenezo hayakuchukua hata nusu siku. Seremala alipiga randa upande wa bawaba, akaisogeza bati ya kitasa ili ulimi ushike bila kucheza, na jua lilipopatikana tukazipaka rangi kingo zote za mlango, hata ule wa chini ambao mafundi wengi huuacha mtupu, maana ndio unywao maji kwanza. Sumaku tukaitia kibao chembamba nyuma yake ikasogea mpaka nusu sentimeta. Nyaya za 2 na 4 nikazirudisha mahali pake. Usiku wa kwanza nikaiondoa njia ya 4 katika ulinzi, kengele ikanyamaza. Usiku wa pili nikairudisha, mvua ikanyesha mpaka alfajiri, ikanyamaza tena. Mwezi wa Mei ukaisha tukilala.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya miguu. Nikapita nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani kwamba kengele imepona. Yule aliyesimama penye uzio alicheka akasema, "Mwalimu, sisi siku hizi tukiisikia twageuka upande wa pili." Nikamwambia kwamba yana haki masikio yake, na tukapatana kwamba ikilia nitapiga na yowe kwa kinywa changu, na nisipopiga yowe na wao wasiinuke. Nasikia wengine wangali wanageuka upande wa pili. Masikio ya watu hayatengenezwi kwa randa.

Kwa bibi yake kijana nilikwenda siku hiyohiyo ya Jumamosi, jioni, nikasema mbele ya bibi na mbele yake kwamba nilimshitaki bure. Bibi alinikaribisha chai. Kijana alisema, "Yamekwisha, Mjomba," lakini hakurudi kulala kwetu, naye bibi hakumhimiza, wala mimi sikuthubutu. Hata leo yuko kule.

Ila kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi huja, tukaipima kengele. Mimi hukaa chumbani nikisoma kibao, yeye huzunguka nyumba akifungua na kufunga, akiita kwa sauti, "Mbele!" nami naitika, "Moja!" Akifika mlango wa jikoni huufunga, kisha huusukuma kwa goti, ingawa siku hizi wafika mwisho wenyewe.