Mate, Mtaji wa Mghani

Kinywa ni jumba la maneno, walinena wahenga. Lakini jumba hilo halikaliki likikosa maji. Mtu akitamani kitu, Waswahili husema anakimezea mate. Akiingiwa na hofu, mate humkauka. Lugha iliyajua mate kuwa kipimo cha nafsi kabla hayajawa shughuli ya tabibu.

Mtu mzima mwenye afya hutoa mate kiasi cha nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Mengi hutoka katika jozi 3 za tezi: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Hulainisha chakula, hukinga meno yasioze, na huutelezesha ulimi. Hili la mwisho ndilo limhusulo mghani. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, na ubeti wa mishororo minne una mizani 64. Kila mizani yadai ulimi, midomo au koo vifike mahali pake kwa wakati wake.

Palikuwa na mghani mmoja wa miaka sabini na ushei, aliyesifika kisiwani kote. Pole pole akawa hamalizi beti kumi. Usiku huamka ulimi umegandamana na kaakaa. Mkate haupiti bila chai. Wako waliosema kijicho, wako waliosema uzee. Mwenyewe aliamini kipaji kimerejea kwa Aliyekitoa, akaanza kukataa mialiko ya harusi.

Waama, uzee peke yake si sababu kuu. Wazee hukaukiwa zaidi kwa kuwa aghalabu hunywa dawa nyingi, na dawa zenye athari hiyo ni mamia: baadhi ya zile za shinikizo la damu, za sonona, za mzio. Kisukari kisichodhibitiwa nacho hukausha kinywa. Vivyo hivyo miale itibuyo saratani ya kichwa na shingo, tumbaku, miraa, na maradhi ya Sjögren, ambayo kwayo kinga ya mwili huzishambulia tezi za mate na za machozi.

Mzee huyu alikuwa na dawa ya shinikizo, na kila usiku akiongeza vidonge vya mzio alivyojinunulia dukani ili apate usingizi. Alipoanza kuzishuku dawa, aliyotaka kuiacha ni ile ya shinikizo. Hapo ndipo penye hatari: angeyatafuta mate, na kiharusi kikamchukulia sauti nzima. Bintiye alizifunga zote katika leso, akampeleka kwa daktari. Ya shinikizo ikabaki. Vidonge vya usingizi vikaondolewa.

Mate yamerudi, ingawa si yote. Sasa hughani beti chache, gilasi ya maji kando yake, na kila baada ya ubeti hunyamaza apige funda moja. Wageni hudhani kimya kile ni sehemu ya mahadhi.