Ndiyo Yenye Mikono

Shituru, Likasi
9 Desemba

Mpwa wangu mpendwa,

  Mvua zimeanza, na mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika magotini. Barua yako nimeipata, nami nimefurahi sana kusikia kwamba wenzako wa likelemba, kile chama chenu cha kuchangiana fedha, huko Lubumbashi wamekuchagua uwe mwandishi wao. Umeniuliza: kikao kikikubaliana jambo, uandike maneno gani ili ijulikane kwamba ni wote, na kwamba wote watatenda?

Lugha yetu haikutunyima maneno. Kukubali, mtu hukubali hata akiwa peke yake kitandani. Kukubaliana kunataka wawili au zaidi. Kusikilizana ndilo neno tunalolipenda huku: tukisema watu "bamesikilizana", maana yake kila mmoja amempa mwenzake sikio kabla ya kutoa jibu. Halafu kuna pamoja, ambalo sisi twatamka pamoya. Lipasue uone: pa ni mahali, moya ni moja. Kabla ya kuwa neno la mioyo, lilikuwa neno la miguu: njoo usimame hapa niliposimama.

Lakini neno ninalotaka ulishike ni kuitika. Ukiitwa, unaitika. Huku kwetu kuitika ni kukubali pia, na kwa Kiciluba ni vilevile: neno la kujibu wito ndilo la kukubali. Babu yako alinieleza jinsi yeye na wenzake walivyokuwa wakinyanyua reli. Mmoja aliita, wengine wakaitika kwa sauti, na katika mwitiko uleule chuma kikaachana na ardhi. Aliyeitika kwa mdomo huku mikono imelegea, mzigo wake ulimwangukia jirani yake.

Leo ni siku ya kuwakumbuka wengine walioitika hivyo. Desemba 1941, mji wetu ukiitwa Jadotville, wafanyakazi weusi wa kampuni ya madini ya Union Minière hapa Shituru na kule Panda waliweka kazi chini. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu, mshahara ukabaki nyuma, na Mwafrika hakuruhusiwa kuwa na chama cha wafanyakazi hadi 1946. Hawakuwa na ofisi wala mhuri. Mmoja aliita, mwenzake akaitika. Walijibiwa kwa risasi. Mgomo ulifika Élisabethville, Lubumbashi yako ya leo, na tarehe 9 watu wakakusanyika katika uwanja wa mpira. Askari walifyatua risasi hapo pia. Karani Léonard Mpoyi, aliyewasemea wenzake, aliuawa, na wengi pamoja naye. Pamoja yao ilikuwa mahali kweli, na wengine hawakutoka mahali hapo.

Ndiyo maana naumia nikisikia maneno haya yakitumiwa ovyo. Enzi za Mobutu tulikuwa na salongo, kazi ya wote kwa faida ya wote. Jina lilikuwa zuri, ila amri ilitoka juu, na watu walishika fagio kwa kuogopa. Mtu ambaye hakuulizwa hawezi kuitika. Anaweza kutii tu.

Na hofu isipokuwapo, bado kuna uvivu wa ndiyo rahisi. Mwaka jana mtaro wa barabara yetu uliziba, maji yakawa yanaingia majumbani. Tulikaa kikao chini ya mwembe, tukauliza nani atakuja Jumamosi. "Eyo! Tutakuya bote!" Jumamosi tukafika watu wanne. Jumapili tulikaa tena, na mama mmoja mzee akakataa swali lile. Alimgeukia kila mtu, akamtazama usoni, akamwuliza: "Weye utaleta nini?" Mmoja akasema jembe. Mwingine akasema bruweti, yaani toroli. Kijana mmoja akasema hana kitu, ila mikono anayo. Mjane mmoja akasema atapika bukari, ugali wetu. Jumamosi iliyofuata, kabla jua halijawa kali, maji yalikuwa yanapita mtaroni. Watu walikuwa walewale, na ndiyo ilikuwa ileile. Tofauti ni kwamba safari hii kila ndiyo ilikuwa na jina na kitu mkononi.

Basi, mpwa wangu, jibu langu ni hili. Usiandike "wote wamekubali" kwa kuwa hakuna aliyepinga. Aliyenyamaza mwulize, huenda ana neno. Mkishasikilizana, andika "tumekubaliana kwa kauli moja", na chini yake andika jina la kila mtu na kile alichosema atafanya. Lako liandike la kwanza.

Mama yako anakusalimia. Ukija Noeli, pita kwanza kwangu.

Ni mimi mjomba wako