Barua kutoka Ughaibuni: Msichana katika Timu ya Wavulana

Barua hii inaelekezwa kwa wazee, akina mama, walimu na vijana wa Fizi, Baraka, Mboko, Nundu na vijiji vya Ubwari, na inahusu jambo linalozua mabishano katika nyumba za ndugu zao waliohamia Marekani, nalo ni msichana wa sekondari kuvaa jezi na kuingia uwanjani pamoja na wavulana. Wengi wa ndugu hao walivuka Ziwa Tanganyika wakati wa vita vya 1996 na vile vilivyofuata miaka miwili baadaye, wakaishi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambako watoto waliendelea kusoma kwa mtaala wa Kongo, kisha wakapelekwa katika majimbo kama Kentucky, Texas na Iowa. Huko wamekuta shule ambayo, kinyume na desturi waliyoijua, huhesabu mchezo kuwa sehemu ya malezi ya mwanafunzi, wa kike kwa wa kiume.

Sekondari ya Marekani huchukua miaka minne, na wanafunzi wake huwa na umri wa kati ya miaka 14 na 18. Kocha hulipwa na shule, na mashindano husimamiwa na chama cha michezo cha jimbo, yaani chombo kinachotunga kanuni zinazofuatwa na shule zote wanachama. Kila msimu unapoanza hufanyika majaribio, ambayo ni siku chache za kocha kuwatazama wanaotaka kucheza na kuwachagua anaowahitaji. Ieleweke pia kwamba shule hizo zina michezo miwili inayoweza kuitwa mpira: ule wa miguu unaochezwa Baraka kila jioni, na ule wa Kimarekani, ambamo wachezaji huvaa kofia ngumu na kinga za mabega, hubeba mpira mikononi na kuangushana chini kwa nguvu zote.

Msingi wa kisheria wa suala hili ni sheria ya elimu iliyotiwa saini na Rais Richard Nixon mwezi Juni 1972, ambayo sehemu yake ya tisa inakataza shule inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mwanafunzi kwa sababu ya jinsia. Kanuni za utekelezaji, zilizotoka mwaka 1975, zilieleza kwamba shule yenye timu ya wavulana pekee katika mchezo fulani inapaswa kumruhusu msichana ajaribu kuingia katika timu hiyo, ikiwa wasichana walikuwa wamenyimwa nafasi hapo awali. Lakini papo hapo kanuni hizo ziliitoa katika wajibu huo michezo ya kugusana miili, kama vile ndondi, mieleka, raga na mpira wa Kimarekani. Kwa maneno mengine, sheria ilifungua mlango kwa mkono mmoja na kuurudisha nusu kwa mkono wa pili, na ndiyo maana mambo mengi yaliishia mahakamani.

Kesi inayostahili kuelezwa kwa kirefu kwa msomaji wa Fizi ni ile ya Hoover dhidi ya Meiklejohn, iliyoamuliwa mwaka 1977 katika jimbo la Colorado, kwa sababu ilihusu mpira wa miguu wenyewe. Msichana wa miaka 16 katika sekondari ya mji wa Golden alikuwa akifanya mazoezi na wavulana na kucheza katika timu yao ya pili, kwa ridhaa ya kocha, mpaka mkuu wa shule alipoagiza aondolewe, kwa kuwa kanuni ya chama cha michezo cha jimbo iliuhesabu mchezo huo kuwa wa kugusana na kuuweka kwa wavulana tu, kwa hoja kwamba wasichana wangeumia. Jaji Richard Matsch hakukana kwamba wavulana, wakichukuliwa kwa jumla, huwa na nguvu na kasi zaidi; alichosema ni kwamba tofauti kati ya mtu na mtu ndani ya jinsia moja ni kubwa kuliko tofauti ya wastani kati ya jinsia hizo mbili, na kwamba chama kilichodai kulinda miili ya wanafunzi hakikuwa na kanuni yoyote ya kumlinda mvulana mdogo au dhaifu. Hoja hiyo ya mwisho ni nzito, na yeyote aliyewahi kumwona kijana mwembamba wa Mboko akikabana na beki aliyemzidi umri na kimo, bila mzazi yeyote kupiga kelele, ataielewa bila kuhitaji wakili.

Jaji aliiachia shule njia tatu za kuchagua: kuufuta mchezo kwa wote, kuunda timu ya wasichana inayopewa msaada ulio sawa na ule wa wavulana, au kuwaruhusu wote washindanie nafasi katika timu moja. Miaka miwili kabla yake, mahakama kuu ya jimbo la Washington ilikuwa imewapa dada wawili wa sekondari ya Wishkah Valley haki ya kucheza mpira wa Kimarekani na wavulana, na mwaka 1983 mahakama moja ya Missouri ilimruhusu msichana wa miaka 13 ajaribiwe katika mchezo huohuo. Katika maamuzi hayo, kilichotolewa ni haki ya kujaribiwa tu. Kocha alibaki huru kumwacha msichana asiyefaa, kama anavyomwacha mvulana asiyefaa.

Mlango huo umepitiwa na wachache. Wasichana wanaocheza mpira wa Kimarekani katika timu za sekondari ni elfu chache tu, wakati wavulana ni zaidi ya milioni moja, na baadhi ya wasichana hao hutoka katika mpira wa miguu na kupewa kazi ya kupiga mpira kwa mguu kupitia milingoti. Huo ndio uliokuwa mwendo wa Sarah Fuller, golikipa wa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt, ambaye mwezi Desemba 2020 alifunga pointi katika mechi ya wanaume dhidi ya Tennessee. Lakini kilichobadilisha maisha ya wasichana kwa wingi ni njia ya pili ya jaji, yaani timu yao wenyewe: wasichana wa sekondari waliocheza michezo ya shule mwaka 1971–72 hawakufika 300,000, na leo wanazidi milioni 3. Kwa sababu hiyo majimbo mengi humzuia msichana kuingia katika timu ya wavulana pale shule inapokuwa na timu ya wasichana ya mchezo uleule, hata kama yeye mwenyewe anaona kwamba wavulana ndio wanaolingana naye kwa kiwango. Msichana anayeonekana peke yake kati ya wavulana, basi, mara nyingi ni dalili ya shule ambayo haijatimiza wajibu wake, ingawa magazeti hupenda kumsifu kama shujaa.

Wazee wanaodhani kwamba Wazungu walizaliwa na fikra hizi wakumbuke kwamba chama cha mpira cha Uingereza kiliwafungia wanawake viwanja vya klabu zake tarehe 5 Desemba 1921, kikidai kuwa mchezo huo hauwafai, na marufuku hayo yalidumu karibu miaka 50.

Kwa upande wa Fizi, haitoshi kusema kwamba mila ndiyo inayomweka msichana nje ya uwanja. Saa ya mpira ndiyo saa ya kuchota maji, kuwasha moto na kuanua dagaa, na kazi hizo hazimngoji kaka yake. Pia hofu ya mzazi kwa binti anayerudi jioni ina historia: mwezi Februari 2011, mahakama ya kijeshi iliyoketi Baraka ilimhukumu luteni kanali wa jeshi la taifa kifungo cha miaka 20 kwa makosa dhidi ya ubinadamu, baada ya wanawake kubakwa mjini Fizi usiku wa Mwaka Mpya. Prefe, kama anavyoitwa mkuu wa sekondari nchini Kongo, akitaka kuanzisha timu ya wasichana atalazimika kupanga saa na njia ya kurudi nyumbani kabla ya kutafuta jezi. Uwezo upo: wanawake wa TP Mazembe wa Lubumbashi walitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwezi Novemba 2024, na Grace Geyoro, aliyezaliwa Kolwezi, amewahi kuvaa kitambaa cha unahodha wa timu ya taifa ya Ufaransa. Katiba ya Kongo ya 2006 nayo, katika ibara ya 14, inaiagiza serikali kuondoa kila namna ya ubaguzi dhidi ya wanawake.

Kwa familia zilizoko Marekani, mvutano hauko mahakamani tena, bali mezani, juu ya karatasi mbili: cheti cha daktari na fomu ya ridhaa ya mzazi. Katika ukoo wa Fizi, jambo la binti hupita kwa baba mdogo, kwa shangazi na pengine kwa mchungaji, ambaye ataulizia kaputula badala ya kikwembe na mazoezi ya kwaya ya Jumamosi. Shule ya Marekani huridhika na saini ya mzazi mmoja, na baba anayefanya kazi ya usiku kiwandani huweza kukuta imekwisha kutiwa na mama. Mahakama zilizoilazimisha shule kumjaribu msichana hazikumlazimisha mzazi kutia saini, na bila saini hiyo kocha hawezi kumpa jezi. Katika majimbo mengi karatasi hizo hudumu mwaka mmoja tu, kwa hiyo kila mwezi Agosti, mazoezi yanapoanza, mjadala huanza upya.